Ukianza na Kitano, usisubiri ngumi

Mwezi uliopita vijana wawili wameanza kazi kwenye chumba chetu cha kuhariri, na kila mmoja kwa wakati wake ameniuliza lile lile: "Kaka, huyu Mjapani unayemsifia kila siku, nianze naye wapi?" Nimewajibu kwa mdomo mara mbili na mara zote nimejikanyaga. Bora niandike. Itamfaa na mwingine yeyote anayeingia kwenye kazi ya picha akiwa amelisikia jina la Takeshi Kitano, mwongozaji na mwigizaji wa filamu, bila kujua pa kulishikia.

Naanza na kosa langu, maana na ninyi mtalifanya. Mimi filamu za Mashariki nilizijulia kibanda umiza: benchi za mbao, televisheni moja juu ya meza, mtafsiri kakaa pembeni na maikrofoni yake. Kule tulikuwa na sheria zetu. Stelingi hafi. Adui mkubwa anapigwa mwisho. Na picha ikikaa dakika tano bila ngumi, mtafsiri anaijaza kwa maneno yake mwenyewe, anamzulia adui shangazi mchawi, anamtania aliyekaa benchi la mbele, mpaka ngumi zirudi. Kwa hiyo siku nilipopewa kwenye flashi filamu ya Kitano iitwayo Sonatine, ya 1993, nikaambiwa ni habari ya majambazi wa yakuza, nilikaa mkao wa kibandani. Mwanzoni risasi zilikuwepo. Halafu majambazi wakakimbilia ufukweni Okinawa kujificha, na huko wakaanza kucheza. Kucheza kama watoto kabisa. Wanachimba mashimo mchangani na kuyafunika ili mwenzao atumbukie, wanarushiana fataki usiku, wanakata vikaragosi vya karatasi na kuvipiganisha mieleka ya sumo. Nikasubiri ngumi. Nikasinzia. Niliposhtuka, stelingi alikuwa amejipiga risasi mwenyewe ndani ya gari na majina yanapanda.

Flashi niliirudisha na neno juu: mtu wako huyu hajui kutengeneza picha.

Miaka miwili baadaye nilikuwa naediti tamthilia. Kulikuwa na sini ya mume anampiga mke kofi. Nilikuwa na kamera mbili na nilizitumia zote: mkono unapanda, jicho la mke, mkono unashuka, shavu, sauti niliyoichukua kwenye maktaba ya sauti na kuiongezea besi, mke anaanguka, na kuanguka kwenyewe nikakurudia kwa mwendo wa polepole. Mikato saba kwa kofi moja. Mhariri mkubwa wa pale, mtu mzima aliyeanza kazi enzi za kanda, alisimama nyuma ya kiti changu akatazama mara moja. Akasema, "Mdogo wangu, kofi lako linaonekana vizuri mno, ndiyo maana haliumi." Kisha akaniuliza kama nimewahi kumtazama Kitano. Nikamwambia nimemtazama, nimelala. Akacheka, akaifungua ile ile Sonatine kwenye mashine yake, akaisogeza mbele hadi sini ya winchi.

Iko mapema, kabla ya Okinawa. Mwenye ukumbi wa kamari aliyekataa kulipa genge amefungwa kamba, ananing'inia kwenye winchi juu ya maji usiku. Murakawa, ambaye ndiye Kitano mwenyewe, anaagiza ashushwe. Wanamshusha. Wanamtoa anatweta. Sasa wanataka kujua mtu anaweza kukaa chini ya maji muda gani, wanamshusha tena, na huku wakisubiri Murakawa anaongea na mwenzake mambo yao mengine. Wanajisahau. Wanapomtoa, amekufa. Murakawa anatazama, anaonyesha kwamba basi, ndiyo imeshakuwa, maisha yanaendelea. Hakuna aliyepiga kelele. Uso wa mtu anayekufa hatukuonyeshwa, tulikuwa tumesimama pale gatini tukisikiliza soga. Nilihisi baridi. Nilihisi pia, na hili ndilo lililoniudhi, kwamba na mimi nilikuwa nimemsahau yule mtu ndani ya maji.

Hapo ndipo pa kuingilia. Kwa Kitano tazama kilicho kabla ya pigo na kilicho baada yake. Pigo lenyewe mara nyingi halipo, au lipo kwa muda wa kupepesa jicho. Anakupa mtu ametulia, anakupa mtu yuko chini, katikati anakuachia wewe ujaze. Na ukijaza mwenyewe, unajaza kwa maumivu unayoyajua.

Amewahi kuieleza njia yake kwa hesabu, na ni hesabu ya sekondari tu. Wakati fulani alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Meiji, Tokyo, akaacha bila kumaliza, na nadhani hesabu haikumtoka. Chukua muuaji, muite X. Anaua watu wanne: A, B, C na D. Mwongozaji wa kawaida ataonyesha X anamuua A, X anamuua B, X anamuua C, X anamuua D. Yaani AX + BX + CX + DX. Mwalimu wa hesabu angekuambia X imejirudia, itoe nje ya mabano: X(A + B + C + D). Kwa hiyo onyesha X mara moja anapita na bastola. Baada ya hapo onyesha maiti A, maiti B, maiti C, maiti D. Mtazamaji atazidisha mwenyewe. Mimi mlinganyo huu nimeuandika kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta wa chumba cha kuhariri, na wateja wanadhani ni nenosiri la intaneti.

Mwisho wa Sonatine ni mlinganyo huo umewekwa kwenye picha. Murakawa anaingia hotelini na bunduki kuwamaliza wakubwa waliomsaliti. Kamera karibu haiingii naye. Kwa sehemu kubwa inabaki nje gizani, na sisi tunaona madirisha yakiwaka na kuzima kwa mwanga wa risasi. Mtengenezaji mwingine hapo ndipo angetumia bajeti yote.

Sasa, alikotoka. Sikusimulii maisha ya mtu ili ujue tarehe, ila ukijua alikotoka utaelewa mikato yake. Amezaliwa Januari 1947 wilaya ya Adachi, Tokyo, na baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Alipoacha chuo alikwenda Asakusa, mtaa wa maonyesho ya bei nafuu, akapata kazi ya kuendesha lifti kwenye ukumbi wa France-za ambako wanawake walikuwa wakivua nguo jukwaani na wachekeshaji wakijaza nafasi kati ya onyesho na onyesho. Pale akawa mwanafunzi wa mchekeshaji mkongwe Senzaburo Fukami, aliyemfundisha vichekesho na pia dansi ya kugonga sakafu kwa viatu. Hiyo dansi ishike, tutaikuta mbele. Baadaye yeye na mwenzake Kiyoshi wakaunda kikundi cha Two Beat, wakicheza manzai, vichekesho vya watu wawili wanaosimama na kurushiana maneno kwa kasi: mmoja anasema upuuzi, mwenzake anamkosoa. Kitano alikuwa wa upuuzi. Kuanzia karibu 1980 televisheni ya Japani ilishikwa na homa ya manzai na wao wakawa nyota. Jina la Beat Takeshi linatoka huko, na hadi leo ukitazama majina mwanzoni mwa filamu zake, mwigizaji anaandikwa Beat Takeshi na mwongozaji Takeshi Kitano, mtu mmoja kwa majina mawili.

Mchekeshaji yeyote wa kijiweni anajua kwamba utani hauko kwenye neno la mwisho. Uko kwenye kile kimya kabla ya neno la mwisho. Ukiliwahi, watu wanatabasamu kwa adabu. Ukilichelewesha, wameshalijua. Wajapani wana neno fupi kwa nafasi hiyo, *ma*, na wanalitumia kwenye muziki, kwenye maigizo, hata kwenye namna ya kupanga chumba. Kitano aliishi kwa *ma* miaka mingi jukwaani kabla ya kushika kamera, na alipoishika alikata damu kwa saa ile ile aliyokatia vichekesho. Ndiyo sababu kwenye filamu zake kuna mahali unacheka halafu unajiuliza umecheka nini. Ndiyo sababu pia anazihariri mwenyewe nyingi ya filamu zake. Mchekeshaji hawezi kumkabidhi mtu mwingine saa yake.

Kuhusu uigizaji wake, usianzie kwenye filamu alizoongoza. Anza na Merry Christmas, Mr. Lawrence ya Nagisa Oshima, ya 1983, kambi ya mateka wa kivita huko Java mwaka 1942. Mabango yanawatangaza David Bowie na Ryuichi Sakamoto, na ni haki yao. Lakini filamu inafungwa na uso wa Kitano. Yeye ni Sajini Hara, mlinzi mkatili, na mwisho vita vimekwisha, yeye sasa ndiye mfungwa, asubuhi atauawa kwa hukumu, na anamwita mateka wake wa zamani na kumtakia Krismasi njema huku uso wake mpana ukiijaza skrini kwa tabasamu. Simamisha hapo. Usome uso huo kama barua. Mimi huona mtoto, na jambazi, na mtu anayeomba radhi bila kujua namna ya kuomba.

Mwenyewe amesimulia kwamba filamu hiyo ilipotoka alikwenda ukumbini kimyakimya kuona watu watampokeaje. Alipotokea kwenye skrini, ukumbi mzima ulicheka. Walikuwa wamemwona mchekeshaji wa televisheni amevaa sare za jeshi. Aliumia, akaamua kuanzia hapo achukue nafasi za watu wabaya, wauaji na wakorofi, mpaka kicheko kile kiishe. Kilichukua miaka. Na msiwacheke Wajapani, maana sisi nasi mchekeshaji wetu akicheza msiba tunaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Uongozaji ulimjia kwa ajali. Mwaka 1989 alikuwa aigize tu kwenye Violent Cop, na mwongozaji alitakiwa kuwa Kinji Fukasaku. Fukasaku akajitoa, kazi ikaangukia kwa mwigizaji mkuu. Akaupunguza mswada, akatoa vichekesho, akamfanya polisi wake awe mtu wa kutembea. Atembea sana yule. Anavuka daraja, anapita mtaani, anapanda ngazi, na kamera ina subira naye. Ukiitazama, utadhani mhariri alisahau kukata. Usiirukie mbele. Mtu akitembea hivyo kwa muda mrefu, anapoinua mkono unakuwa umeshaujua uzito wake.

Kwenye filamu hiyo hiyo kuna kofi nyingi zinazoonyeshwa zote, moja baada ya nyingine, kwenye shoti moja ndefu, mpaka unataka kumwomba aache. Kwa hiyo usije ukanikariri kwamba Kitano haonyeshi. Anajua lini kurudia ndiko kunakoumiza na lini kuficha ndiko kunakoumiza. Ukimwiga kwa kanuni moja tu, utakosea.

Agosti 1994 alianguka na pikipiki ndogo Tokyo, karibu afe. Upande mmoja wa uso ukapooza, na ukiangalia filamu za baadaye utaona jicho na shavu vinavyorukaruka vyenyewe. Mwigizaji mwingine angejificha. Yeye aliugeuza kuwa kifaa: uso umetulia kama ukuta, na mara moja, bila kutangaza, msuli unacheza, na mtazamaji anaruka kwenye kiti. Wakati wa kupona alianza kupaka rangi, mtoto wa mpaka rangi amerudi kwenye kopo la baba. Paris, mwaka 2010, jumba la Fondation Cartier lilimfanyia maonyesho kwa jina linalosema hivyo hivyo, mtoto wa mpaka rangi.

Michoro hiyo ndiyo iliyoingia kwenye Hana-bi, ya 1997, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kama utatazama moja tu kati ya zote, basi iwe hii. Ilipata Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice. Filamu ya Kijapani ilikuwa haijaipata tuzo hiyo tangu 1958. *Hanabi* kwa Kijapani ni fataki, na ukilikata neno kwa kistari kama alivyolikata yeye unapata ua upande mmoja na moto upande wa pili. Filamu nzima imekatwa kwa kistari hicho.

Nishi alikuwa mpelelezi. Mtoto wake amefariki. Mke wake, Miyuki, ana saratani ya damu na hospitali imeshasema amrudishe nyumbani. Rafiki yake Horibe amepigwa risasi kazini na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, mke na binti wamemwacha. Nishi ana deni kwa yakuza. Anavunja benki, analipa, na hela inayobaki anamchukua mkewe kwenye safari ya mwisho. Ukiisikia hadithi hivi inaonekana ni ya kulia kuanzia mwanzo. Sasa kaa uangalie wanachofanya safarini. Wanacheza karata: mke anashika karata nyuma ya gari na mume anabahatisha ni ipi, na sisi tunaona kwamba anaiona kwenye kioo cha dereva. Wanapiga picha ya pamoja kwa kamera ya kujipiga yenyewe, na gari linapita mbele yao wakati ule ule kamera inapobofya. Mke hasemi kitu. Karibu filamu nzima hasemi kitu, anacheka tu, na mume naye hasemi. Nimewahariri wanandoa wengi kwenye video za harusi wakisomeana ahadi za kurasa mbili, na sijawahi kuona upendo kama wa watu hawa wasioongea.

Katikati ya safari hiyo yakuza wanakuja, na Nishi anageuka moto. Alishageuka hivyo hata kabla ya safari, kwenye sini ya baa: mtu anakaa kando yake kumtisha, na kabla hujajua kimetokea nini kijiti cha kulia kimeshaingia jichoni. Mkono hukuuona. Umeona kabla na umeona baada. Kisha tunarudi kwa mke, barafu, ufuko, kimya. Ua, moto, ua.

Na Horibe je? Nishi anamtumia sanduku la rangi. Horibe anasimamisha kiti chake mbele ya duka la maua, na kila ua analolitazama linamletea mchoro kichwani: wanyama wenye maua mahali pa kichwa. Hiyo ndiyo michoro ya Kitano mwenyewe ya wakati wa kupona. Nilipojua, nilirudi kuitazama sini hiyo upya. Mtu aliyekuwa karibu afe anampa mhusika aliyekuwa karibu ajiue kazi zake mwenyewe azichore.

Mwisho siusimulii wote. Nitasema tu kwamba tunaonyeshwa Nishi akiweka risasi mbili kwenye bastola, kwamba mke hatimaye anasema maneno mawili, asante na samahani, na kwamba kamera inaondoka kwao na kwenda baharini. Kuna binti mwenye tiara ufukweni, anayechezwa na binti wa Kitano wa kuzaa. Tunasikia. Hatuoni. Tunaona uso wa binti. Kwa hesabu ya risasi mbili umeshajua, na hakuna mhariri duniani angepata picha nzuri kuliko ile uliyojitengenezea mwenyewe.

Muziki wa Hana-bi ni wa Joe Hisaishi, huyo huyo mnayemjua kupitia katuni za Hayao Miyazaki. Kuanzia 1991 hadi 2002 alimtungia Kitano karibu filamu zote. Wengine wanaona muziki wake una sukari nyingi kwa picha kavu namna ile. Mimi naona ndiyo chai yenyewe: picha ni majani, muziki ni sukari, na ukiwa na kimoja tu unakunywa kwa shida.

Baada ya Hana-bi nenda A Scene at the Sea ya 1991, ambamo Kitano haigizi. Kijana kiziwi mzoa taka anaokota ubao uliovunjika wa kutelezea mawimbini, anautengeneza na kuanza kujifunza, mpenzi wake, naye kiziwi, akikaa mchangani kumkunjia nguo. Ndiyo yote. Kwa anayejifunza kuhariri, hii ni shule ya bure, kwa sababu kimya hapa hakikuwekwa kwa mbwembwe, wahusika wenyewe hawasikii. Kisha Kikujiro ya 1999, mtoto anayemtafuta mama yake wakati wa likizo akiwa na jamaa mkorofi anayeanza kwa kuzimalizia hela za safari kwenye kamari ya mashindano ya baiskeli. Jina Kikujiro ni la baba yake Kitano. Hiyo unaweza kutazama na familia. Kids Return ya 1996 ni ya vijana wawili walioacha shule, mmoja akaenda ndondi, mwingine akaenda kwenye genge. Ukiwa umefeli kitu hivi karibuni, iweke akiba.

Zatoichi ya 2003 ndiyo nyepesi kuingia kwa aliyezoea kibanda, na ndiyo iliyomletea hela nyingi kuliko zote nyumbani kwao, pamoja na tuzo ya uongozaji huko Venice. Kipofu mkandaji mwenye upanga ndani ya fimbo, nywele zimepakwa rangi ya njano. Panga zipo, damu ipo. Lakini sikiliza wakulima wanaolima, majembe yao yanapiga mdundo pamoja na muziki. Na mwisho kijiji kizima kinacheza dansi ya kugonga miguu juu ya jukwaa la mbao. Hiyo ni ile dansi ya Fukami, mwalimu wa Asakusa. Mtu amechukua miaka thelathini kuirudisha shukrani yake, akaiweka kwenye filamu ya mapanga ambako haikuwa na kazi, na ikakaa.

Outrage na wenzake wawili wa 2012 na 2017 ni za yakuza wanaozomeana ofisini na kusalitiana. Ni nzuri, ngumu, baridi, lakini usianzie hapo, utadhani ni mtu wa hasira tu. Zile tatu za kati ya 2005 na 2008 alizotengeneza akijikejeli mwenyewe, ziache mpaka umzoee. Mimi moja niliishia katikati na sina aibu.

Sasa kwa mliopo kazini. Kitano ana hatari moja, na nimeiona kwa kila kijana anayempenda, mimi wa kwanza. Unamaliza Hana-bi saa saba usiku, asubuhi unafungua tamthilia ya mteja na kila mtu anasimama kimya sekunde sita akitazama bahari. Kimya cha Kitano kimebebeshwa mzigo kabla. Tunajua mke anakufa ndipo anapocheka. Ukiweka kimya mahali ambapo mtazamaji hajapewa kitu cha kubeba, umempa tu nafasi ya kuchukua simu yake. Kabla hujarefusha shoti, jiulize mtazamaji anajua nini ambacho mhusika anakificha. Kama hana anachojua, kata.

Zoezi ninalowapa ni dogo. Chukua filamu yake moja, zima sauti. Kila mtu anapopigwa au kufa, simamisha, andika kwenye daftari uliona nini kwa hakika. Kisha washa sauti, rudia, andika ulisikia nini. Utagundua karibu nusu ya yale uliyoapa kwamba umeyaona hayapo kwenye picha. Mimi nilikuwa tayari kugombana na mtu kwamba nimeona maiti za hotelini.

Halafu fanya hivyo hivyo kwa kazi yako. Lile kofi la mikato saba nililipunguza likawa la shoti mbili: mume ameketi anakula, mke anaweka chumvi mezani, kata, chumvi imemwagika sakafuni na mke anaifagia, shavu lake liko upande wa pili wa kamera. Sauti ya kofi niliitoa kabisa. Mwongozaji alisema haelewi kofi liko wapi, mama mmoja wa usafi aliyekuwa anapita akasema, "Maskini, kampiga." Ikaenda hewani hivyo.

Si kila mara inakwenda. Mwaka jana kwenye video ya harusi niliacha sekunde nne za mama wa bibi harusi amesimama barabarani baada ya gari la binti yake kuondoka, hasogei, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Mteja akapiga simu: "Kaka, hapa naona pamekwama." Nikamwambia hapajakwama. Akasema aliyelipa ni yeye. Nikazitoa, nikaweka bendi. Sekunde zile ninazo kwenye diski yangu.

Diski iko droo ya pili, chini ya kebo. Folda imeandikwa X. Sonatine imo, Hana-bi imo, na maandishi ya chini nimeshayapanga yaendane na sauti. Leo anzeni na Sonatine, kesho tutaongea. Mkifika Okinawa na mkaona usingizi unakuja, simamisheni, mkanawe uso pale nje, mrudi.